Sahani Iitwayo Kenya

Mvua ya London haina tabia ya mvua ya masika. Haipigi ikaisha. Inanyeshanyesha mchana kutwa, na wewe unakuja kugundua umelowa bila kujua ulianza kulowa saa ngapi. Ndiyo iliyonisukuma ndani ya duka la sahani kuukuu za santuri pale Soho, siku yangu moja ya mapumziko katika juma, wala sikuwa na nia ya kununua kitu. Sina hata kinanda cha kupigia santuri. Nikawa napekuapekua makasha ili mwenye duka asione nimejibanza tu, na katika kasha la muziki wa Kilatini nikakutana na neno lililo kwenye jalada la pasipoti yangu. KENYA. Na jina la mwenye sahani: Machito.

Nikaigeuza nyuma. Ilikuwa chapa ya juzijuzi ya sahani iliyorekodiwa New York Desemba 1957. Nyimbo kumi na mbili. Moja inaitwa "Congo Mulence". Nyingine "Wild Jungle", yaani pori la kutisha, nikaguna. Nyingine ni "Kenya" yenyewe. Kwenye orodha ya watunzi na wapangaji wa muziki nikaona A.K. Salim, na hapo moyo ukanidunda, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Mombasa na majina ya hivyo nimeyasoma juu ya milango ya nusu ya Mji wa Kale. Nikajisemea, huyu ni wetu, alipanda meli akazamia. Wapi! Baadaye nikasoma kwamba ni Mmarekani mweusi wa Chicago aliyesilimu, Ahmad Khatab Salim. Lakini nilikwisha lipa pauni 12, na sahani ilikwisha ingia mfukoni.

Nikaipiga picha, nikamtumia mjomba wangu.

Lazima niwaeleze kuhusu mjomba, maana bila yeye makala hii ingekuwa ya mtu aliyenunua sahani asiyoweza kuisikiliza. Miaka ya 1970 na 1980 mjomba alipiga muziki kwenye hoteli za pwani ya kaskazini, Nyali mpaka huko Bamburi, kila Ijumaa na Jumamosi, katika bendi iliyokuwa ikiwachezesha watalii rumba, chacha na nyimbo za kuwaaga. Kazi yake ilikuwa kuitikia na kupiga manyanga. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa kichekesho cha kudumu. Mama, ambaye ni dada yake, akiulizwa kaka yako anafanya kazi gani, hujibu: "Anatikisa." Mpiga gitaa alikuwa na heshima yake, mpiga saksafoni alikuwa na wachumba, na mwimbaji alikuwa mwimbaji. Mpiga manyanga alilipwa mwisho, na kikibaki.

Jibu lake lilikuja usiku, sauti ya WhatsApp.

"Marahaba mwanangu. Nimeiona hiyo sahani. Huyo Machito mwenyewe anapiga nini?"

"Mjomba, nimesoma anaimba na kupiga manyanga."

Kimya kirefu. Kisha kikaja kicheko ambacho sijakisikia tangu kabla hajaanza dawa za presha. "Jina lake ndilo liko juu?"

"Ndilo liko juu."

"Basi nitafutie habari zake zote."

Nimezitafuta. Imenichukua miezi minne ya usiku, katikati ya zamu za kuhudumia wazee, nikisoma kwa simu huku mzee wa watu amelala. Haya ndiyo niliyompelekea mjomba, nikayapanga upya kidogo kwa ajili yenu.

Jina lake kamili ni Francisco Raúl Gutiérrez Grillo, alilelewa Havana, baba yake akiwa mtu wa biashara ya sigara. Alipozaliwa alitanguliwa na mabinti watatu, na nyumba nzima ikafurahi kupata dume. Wakamwita Macho, yaani mwanamume. Alipofika New York jina likapunguzwa likawa la kubembeleza, Machito, kidume. Alifika mwaka 1937, mwimbaji wa kikundi kidogo kutoka kwao, na kwa miaka mitatu akaimba katika bendi za watu wengine, leo hapa kesho pale. Wote tuliotoka makwetu tunaijua miaka hiyo mitatu ya mwanzo.

Alikuwa na bahati moja kubwa, nayo ni shemeji. Mario Bauzá, mpiga tarumbeta, alimtangulia New York tangu 1930, akamwoa Estela, dada yake Machito. Bauzá hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa amepiga na kuongoza bendi ya Chick Webb pale Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi wa New York, kisha akaingia kwa Cab Calloway, na humo ndimo alimomsaidia kijana mmoja aitwaye Dizzy Gillespie, baadaye gwiji wa tarumbeta za jazi, kupata nafasi. Alijua kuandika muziki wa Wamarekani weusi kama wenyewe, na moyoni alikuwa na jambo moja: kuchukua safu za tarumbeta na saksafoni za Harlem na kuziweka juu ya ngoma za Havana. Alihitaji mtu wa kusimama mbele. Akamchukua shemeji yake.

Bendi ilianza mwaka 1940, na wakaiita Machito na Waafrokuba wake. Nataka nikae kidogo kwenye jina hilo. Mwaka 1940, New York, mtu mweusi wa Kuba angeweza kujiuza kama Mlatini, akavaa mikono ya shati yenye marinda, akawa kitu cha kupendeza kisicho na nchi wala rangi maalumu. Wako waliofanya hivyo wakala vizuri. Afrika wakati huo haikuwa sifa kwa yeyote. Ilikuwa katuni za watu wanaopika wamisionari kwenye sufuria. Na hawa wawili, wamefika jana, wanatafuta kazi kwenye kumbi za watu weupe, wanaenda kuichukua Afrika wanaibandika mbele ya jina, mahali pa kwanza, kabla hata ya Kuba. Bauzá alilieleza baadaye kwa urahisi: ndivyo tulivyo. Mimi nimejaza fomu nyingi katika nchi hii, na najua mkono unavyosita kwenye kile kisanduku cha asili yako. Wao walikiandika kwenye bango.

Sasa manyanga. Mjomba alinituma niulize hasa hili, na nilipokosa jibu vitabuni alinijibu yeye mwenyewe.

Manyanga ya Kuba ni mawili, na hayafanani sauti. Moja lina sauti nyembamba, jingine nzito. Mkono huu na mkono huu hupokezana, chi-ka chi-ka chi-ka, mapigo manane katika kipimo kimoja, bila kupungua wala kuzidi, wimbo mzima, usiku mzima. Mbegu zilizo ndani zina uzito na huchelewa. Ukirusha mkono hazilii palepale, hulia zinapogonga ukuta wa kibuyu. Kwa hiyo mpigaji huutanguliza mkono kabla ya pigo ili sauti iangukie kwenye pigo. "Unapiga kitu ambacho hakijafika," mjomba alisema. Mwenye ngoma ana ruhusa ya kucheza na kutia madoido. Mpiga tarumbeta anaweza kusubiri zamu yake, akanywa maji. Mwenye manyanga hana zamu. Akisimama, kila mtu huhisi kuna kitu kimekatika, ingawa hakuna atakayejua ni nini.

Na chini ya manyanga kuna vile vijiti viwili, klave. Mapigo ya klave ni matano tu, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili: ko, ko, ko, kisha ko-ko. Au kinyume chake, mawili yakatangulia. Bendi nzima hujengwa juu ya hayo matano, piano, besi, tarumbeta, hata maneno ya mwimbaji, na mtu akiingia upande usio wake, wenzake humtazama kama aliyeingia msikitini na viatu. Mimi nilipoyasikia sikuona ugeni. Kidumbaki cha Unguja kina vijiti vyake, mkwasa, na kina njuga zake za kifuu cha nazi chenye mbegu ndani, cherewa. Sisemi kimoja kilitoka kwa kingine. Waliopelekwa Kuba utumwani wengi walitoka upande wa pili wa bara, Kongo, Calabar na nchi ya Wayoruba. Nasema tu kwamba mjomba hakuhitaji mkalimani.

Katika muziki wao wa son, mwimbaji ndiye aliyekuwa akishika manyanga au vijiti. Havikuwa kazi ya mtu wa pembeni. Anayeimba ndiye anayeshika saa. Wimbo ukishapita maneno yake yaliyotungwa, unafika mahali pa kuitikiwa: kundi linashika kiitikio kifupi, kilekile, na mwimbaji anatunga papo hapo katikati yake kama malenga kwenye ngoma, anamtaja aliyeingia mlangoni, anamchokoza mpiga piano, anakumbuka mtaa wa kwao. Mikono yake muda huo wote haiachi kutikisa. Machito alikuwa hodari wa hilo. Hakuwa na sauti ya kupasua vioo. Alikuwa na sauti kavu, yenye mzaha, inayokaa juu ya mdundo kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Nikiwa nasoma habari za bendi hiyo nikaanza kuona jambo ambalo mwanzo lilinisikitisha kwa niaba yake. Kila kitu kinachosifiwa kilifanywa na mtu mwingine. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilimwita. Akaenda mafunzoni, akaumia mguu, akaruhusiwa kabla mwaka haujaisha. Mwaka huohuo, katika klabu ya La Conga, ndipo bendi ilipozaa "Tanga", wimbo wa Bauzá ambao wajuzi wengi wanausema kuwa ndio wa kwanza kuchanganya jazi na klave ikakubali. Ili pengo lake lisionekane, waliita dada kutoka Havana: Graciela, aliyelelewa naye nyumba moja, mwimbaji wa Anacaona, okestra ya wanawake watupu. Graciela alipofika, hakuondoka tena. Machito akarudi akakuta bendi ina waimbaji wawili, na mmoja wao ni mwanamke mwenye ulimi wa pilipili ambaye umati ulimpenda kufa. Kaka mwingine angenuna. Huyu akapanga upya: wewe utaimba bolero, zile za mapenzi za polepole, na zile za utani, mimi hizi za mbio.

Tito Puente alipita humo akiwa kijana, akapiga timbale, zile ngoma mbili za kupigwa kwa vijiti, kabla naye hajachukuliwa jeshini. Charlie Parker, yule wa saksafoni, alirekodi nao. Chico O'Farrill, Mkuba mwenzao, akawaandikia mwaka 1950 muziki mrefu wa mafungu mafungu, Parker akiwa ndani tena. Na mwaka 1947 Stan Kenton, Mmarekani mweupe mwenye bendi kubwa ya kelele nyingi, aliwasikia akapagawa. Aliporekodi "El Manicero", ule wimbo wa muuza karanga, kwa mtindo wake, alimwita Machito na wapiga ngoma wake waje studio. Machito mwenye bendi yake, mwenye jina lake, alikwenda studio ya mtu mwingine kupiga manyanga. Sahani ile ikavuma.

"El Manicero" ninajua habari zake. Kila mtu wa umri wa mjomba anazijua. Don Azpiazu wa Havana aliurekodi New York mwaka 1930 ukauzwa kupita kiasi, na tangu 1933 kampuni ya gramafoni ya Waingereza ikaanza kuleta Afrika sahani za Kilatini zenye herufi GV na namba. GV namba 1 ilikuwa muuza karanga huyo. Zilishuka Matadi, bandari ya Kongo, zilishuka Mombasa. Rumba ya Kongo ilinyonya huko, na dansi letu vilevile. Watu waliimba Kihispania ambacho hakikuwa Kihispania, maneno ya kukisia, almradi yaishe kwa "o".

Hapa ndipo mjomba aliponikatiza kwa ujumbe wa dakika sita kuhusu Salum Abdallah, nami namwachia nafasi kwa kuwa ni haki yake.

Salum alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Alizisikiliza sahani hizo mpaka zikamwingia damuni, na akiwa kijana bado alitoroka kwao na wenzake, safari ya Kuba. Hawakuwa wakienda Dar kutafuta kazi. Walikuwa wakienda Kuba. Wakafika Mombasa, na safari ikaishia hapo. "Mwanangu," mjomba alisema, "fikiria vijana wa Morogoro wamesimama bandarini kwetu wanauliza meli ya Kuba ni ipi." Salum akarudi kwao, akaunda kikundi akakiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania, kisha ikazaliwa Cuban Marimba, bendi iliyoichezesha Tanganyika yote mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Baadhi ya sahani zake zilitoka kwa lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand. Duka hilo lilikuwa Mombasa. Yaani mji uliomzuia kwenda Kuba ndio uliouza Kuba yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaweka hao wawili pamoja kichwani. Mmoja katokea Havana, sahani yake ikaitwa Kenya. Mmoja katokea Morogoro, bendi yake ikaitwa Cuban. Kila mmoja ameitazama ng'ambo ya mwenzake kama mahali muziki unapotoka. Sahani ile ilirekodiwa Desemba 1957. Dedan Kimathi alikuwa amenyongwa Februari ya mwaka huohuo, na hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa. Jina la Kenya katika magazeti ya Marekani lilikuwa la Mau Mau na mapanga. Huenda walioliweka kwenye jalada walitaka tu kitu cha kusisimua mzungu sebuleni. Ile "Wild Jungle" inanifanya niwashuku. Lakini nikikumbuka bango la 1940 nashindwa kuwahukumu haraka. Watu hawa walikuwa wakiitaja Afrika kabla haijawa na soko.

Na ajabu ya sahani yenyewe ni hii: haina uimbaji wa kusema. Karibu yote ni ala. Cannonball Adderley kaja na saksafoni yake, Joe Newman na Doc Cheatham na tarumbeta zao, ngoma zimekaliwa na watu kama Cándido na Patato, wimbo wa "Tin Tin Deo" wametia kumkumbuka mtunzi wake Chano Pozo, Mkuba mwenzao mpiga ngoma aliyeuawa kwa risasi katika baa ya Harlem Desemba 1948. Salim kapanga, Bauzá kasimamia. Mwimbaji mwenye jina lake kwenye jalada haimbi. Anatikisa.

Nilipomwambia mjomba hivyo, nikitarajia asikitike pamoja nami, alinishangaa. "Kwani wewe ulifikiri bendi ni ya nani?"

Nimelitafakari swali hilo zamu nyingi. Kazi yangu ni kugeuza watu kitandani, kuwaosha, kuwapa dawa saa zake, na kesho kuanza upya. Daktari akija anasifiwa daktari. Sitaki kufananisha sana, mjomba atanicheka. Ila nimeacha kumsikitikia Machito. Kuweka watu ishirini kwenye mdundo mmoja kwa miaka thelathini na mitano, Wakuba, Wapuerto Rico, Wamarekani weusi, shemeji mwenye akili na hasira, dada mwenye ulimi, hilo si jambo dogo, na hakulifanya kwa kupiga kelele. Pale Palladium, ukumbi wa ghorofani kwenye Mtaa wa 53 na Broadway, enzi za ule muziki wa dansi uitwao mambo, kulikuwa na bendi tatu kubwa: yake, ya Tito Puente na ya Tito Rodríguez. Hao Watito wawili waligombana miaka juu ya nani jina lake liandikwe juu kwenye tangazo. Machito hamkuti katika ugomvi huo. Ukumbi ulikuwa na Wayahudi, Waitaliano, Wapuerto Rico na weusi wakicheza sakafu moja katika nchi ambayo mahali pengi wasingeruhusiwa kunywa maji bomba moja, na yeye mbele yao, manyanga mikononi, akitabasamu.

Miaka ya 1960 sina haja ya kuieleza sana. Marekani ikaifungia Kuba biashara mwaka 1962, njia ya Havana ikazibwa, Palladium ikafungwa mwaka 1966, na vijana wakataka muziki mpya wa bugalu na gitaa za umeme. Muziki wa wazee ukarudi muongo uliofuata umevaa jina jipya, salsa, mchuzi. Tito Puente alikuwa akisema mchuzi yeye huutia kwenye tambi. Anachopiga ni muziki wa Kuba. Namwelewa, lakini pia naona hasira hiyo ni ya mtu mwenye uhakika wa chakula. Machito alikubali neno hilo akaendelea kufanya kazi.

Sehemu inayouma ni ya katikati ya miaka ya 1970. Kulikuja mwaliko wa Ulaya, lakini kwa kikundi kidogo, watu wanane. Bauzá akakataa. Kwake bendi ilikuwa zile safu nzima za tarumbeta na saksafoni. Kuipeleka nusu ni kuidhalilisha. Machito alitaka kwenda. Wakaachana, shemeji kwa shemeji, baada ya miaka thelathini na mitano, na Graciela akamfuata Bauzá. Wengi niliowasoma wako upande wa Bauzá, na kimuziki pengine wana haki. Mimi niko upande wa Machito, na wala si kwa sababu ya muziki. Mzee anakaribia sabini, mji alioujenga umemsahau, kuna watu ng'ambo wanamwita. Ataambiwa abaki nyumbani alinde heshima ya tarumbeta?

Akaenda. Mwanawe Mario akashika timbale na uongozi, binti yake Paula akaimba. Ulaya ikampokea kama mfalme. Februari 1982, huko Uholanzi, wakarekodi sahani iliyoandikwa neno salsa bila haya, Machito and His Salsa Big Band, nayo ikashinda Grammy mwaka 1983. Amefanya kazi New York zaidi ya miaka arobaini, na tuzo imekuja kwa sahani iliyorekodiwa kijijini Uholanzi. Mjomba aliposikia hivyo alisema neno moja tu, "Ughaibuni," nami sikujua anamaanisha wa Machito au wangu.

Kisha London. Aprili 1984 bendi ilikuwa na kazi Ronnie Scott's, klabu ya jazi iliyoko Frith Street, Soho. Akiwa anasubiri kupanda jukwaani akaanguka, kiharusi. Alifariki hospitalini siku chache baadaye, Jumapili tarehe 15.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa kwenye basi la usiku. Klabu hiyo ipo hadi leo. Kutoka duka la sahani nilikoingia kukimbia mvua, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nimepita mbele ya mlango wake pengine mara mia nikiwahi basi, nikaona watu wenye makoti mazuri wamepanga foleni, sikuwahi kujua. Jumatano iliyofuata nikaenda kwa makusudi. Hakuna cha kusimulia. Ni mlango, taa nyekundu, mlinzi mwenye heshima zake akaniuliza kama nimeweka nafasi. Nikamwambia hapana, nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka vidole vikafa ganzi. Nikawaza mikono ya kizee, mara ya mwisho, imeshika manyanga au imeyaweka mezani tayari.

Jumapili nikampigia mjomba video. Yeye bando lake lilikuwa limekwisha, nikamtumia la gigabaiti 2. Sahani bado sina pa kuipigia, imekaa juu ya kabati karibu na mkoba wa dawa, kwa hiyo nikafungua "Congo Mulence" kwenye kompyuta, nikaegemeza simu kwenye spika. Alikuwa amekaa kibarazani, shati la ndani na kikoi, nyuma yake mjukuu anapita na baiskeli. Tarumbeta zilipoingia alifumba macho. Saksafoni ikapita, hakutikisika. Nikamwona ameinamisha sikio upande mmoja kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili.

"Yuko chini kabisa," akasema. "Unamsikia?"

"Sisikii, mjomba."

"Nyuma ya ngoma. Chi-ka chi-ka. Msikilize."

Akainuka, picha ikabaki ya kiti kitupu na ukuta wenye chokaa iliyobanduka. Nikasikia kabati linafunguliwa, kitu kinaanguka, shangazi anauliza kulikoni. Akarudi na cherewa mbili zilizokuwa zimefungwa kwa gazeti. Akafungua gazeti, akazipima mikononi, moja, nyingine, akazibadilisha mikono. Akaanza. Kwa vile mtandao ni mtandao, alinifikia amechelewa nusu pigo, manyanga ya New York yakitangulia na ya Mombasa yakifuata, na sikumwambia. Akaenda hivyo mpaka wimbo ukakatika.

Alikuwa anahema. Akajifuta jasho kwa ncha ya kikoi, akasogeza uso karibu na simu mpaka nikabaki naona jicho na nyusi.

"Hebu rudisha mwanzo," akasema.